Jibu Alilolizuia Babu Yako

Kemilembe mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kusema sisi huku ni wazima. Mimi leo siwezi kuanza hivyo, maana sijui kama ni mzima. Wino nimekwisha kuumwaga kwenye kitambaa cha meza, utakikuta, usiniulize. Wewe uko Kagondo kwa shangazi yako. Baba yako yuko uani anageuza kahawa juani, anaigeuza na kuigeuza ile ile, kama mtu aliyepigwa kofi asijue na nani. Na babu yako yuko hapa mbele yangu kitandani, ananitazama. Ananitazama kweli, mwanangu. Tangu aanguke msimu wa senene nilidhani macho yale yako wazi tu, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Kumbe mwenyewe yumo.

Nakuandikia badala ya kungoja urudi nikwambie kwa mdomo, kwa sababu najijua. Nikianza kusema nitalia, na wewe ukiniona nalia ndiyo basi tena, utafungua sanduku lako la bati utoe nguo. Jana ulisema huendi. Ulisema meli ya kesho iondoke Bukoba bila wewe, nafasi yako ya kusomea uuguzi apewe mwingine, utabaki hapa Ijuganyondo umpigie babu yako enanga, kinanda chake cha nyuzi, mpaka aongee. Isome barua hii leo, kabla hujalala. Habari za sweta la kuvaa melini na kutomwamini kila anayekuita dada umekwisha kuambiwa hadi umechoka, sizirudii.

Kwanza nikwambie kuhusu zile nyuzi. Unajua desturi ya ukoo wa baba yako: mpiga enanga akifa, mwanawe wa kwanza hulegeza nyuzi za enanga yake kabla kaburi halijafukiwa, ili asije mtu akaipiga ikamwita. Wewe ulipoikuta imelegea ulidhani ni unyevu. Haikuwa unyevu. Baba yako ndiye aliyezilegeza, na mimi ndiye niliyemshawishi. Dresa wa zahanati alikuwa ametuambia wazi kwamba mkono na mguu wa kulia vimepooza na maneno yamekwenda, lakini habari ya akili yeye hawezi kujua, tungoje tuone. Tulingoja kidogo, tukachoka, tukajijibu wenyewe. Nikamwambia baba yako, "Mtu amekwisha kwenda huyu, kilichobaki hapa ni mwili unaokula. Fanya linalopasa." Akazilegeza hapa hapa chumbani, mzee amelala anatutazama. Chozi lilimtoka mzee jicho moja. Nililifuta kwa pindo la kanga, nikasema ni moshi wa jikoni.

Sasa jana. Nilikuwa jikoni namenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, nikasikia enanga inalia. Kisu kikanikata kidole. Katika nyumba hii hakuna mwenye kuipiga enanga ile isipokuwa mtu ambaye mimi mwenyewe nilikwisha kumhesabu miongoni mwa marehemu, kwa hiyo unaweza kujua nilivyofika mlangoni. Nikakukuta wewe, umepiga magoti sakafuni umempa babu yako mgongo, umezikaza nyuzi kwa vidole vyako. Nilitaka kukugombeza. Nani ameona msichana wa nyumba hii akishika enanga? Baadaye ulisema ulitaka tu kuisikia mara moja kabla hujaondoka. Ulikuwa unaimba ule wimbo wake wa mtu aliyevuka ziwa, anampelekea mama yake asali, na kila nyumba anayoipita inamwuliza, "Umebeba nini?" nasi wasikilizaji tunaitika, "Asali." Ukafika kwenye swali. Ukauliza, "Umebeba nini?" na hapo ukaanza kulia, wimbo ukakatika. Enanga nayo ikanyamaza. Mimi, pamoja na hasira zangu zote na damu kidoleni, mdomo wangu ulikwisha kufunguka ili niitike.

Lakini hakuitika mtu mwingine. Aliitika babu yako. "Asali," akaimba, mahali penyewe, kwa sauti yenyewe.

Wewe hukuuona uso wake. Mimi niliuona, na ndiyo sababu nakueleza jambo ambalo ulikuwapo. Alishtuka, Kemilembe. Alishtuka kuliko sisi, kama mtu aliyesikia mgeni akiongea ndani ya kinywa chake. Halafu baba yako akatokea mlangoni na jamvi la kahawa mabegani, akaketi chini pale pale kwenye tope, mwanamume mzima, suruali ya kanisani. Tukamrukia mzee kwa maswali. Tata, unatusikia? Tata, sema tena! Sema asali! Akajitahidi hadi jasho likamtoka, ikatoka ile ba-ba-ba yake ya siku zote. Neno lile lile lililokuwa limetoka sasa hivi likiwa limevaa wimbo, halikukubali kutoka uchi.

Jirani yetu Ma Kokushubira alipokuja akasema, "Waitu, msijisumbue. Hayo ni mazoea. Kuku akichinjwa, miguu si inakimbia?" Baba yako akakubali, nami nikakubali nusu, maana kukubali kulikuwa kunanipunguzia mzigo. Wewe ukasema hata kama ni mazoea, huendi. Ukaingia ndani ukabamiza mlango, na sikukulaumu.

Leo asubuhi nilipokuwa nafagia nilikumbuka santuri. Kabla sijaolewa nilikaa Hamugembe kwa mjomba wangu, na mbele ya nyumba palikuwa na duka la Mhindi mmoja aliyependa kuweka santuri yake barazani ili watu wasogee. Alikuwa na wimbo mmoja wa kwao ambao hatukuelewa hata neno, ila tuliupenda kufa. Sahani ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ikifika hapo ilikuwa ikiruka nyuma, mwimbaji anarudia kilio chake, halafu anaendelea. Sisi tulijua kwamba ndivyo wimbo ulivyo. Vijana walikuwa wakicheza hadi wakifika hapo, hop, wanaruka nyuma wote pamoja. Siku moja mwenye duka akaagiza sahani mpya ya wimbo ule ule, safi kabisa. Ikafika mahali pale, mwimbaji akapita moja kwa moja kama hakuna kitu. Barabara nzima ikajikwaa! Vijana walikwisha kuruka, wakaangukiana. Mwanamke aliyebeba maji kichwani alilowa mpaka miguuni, na yeye hata hakuwa anacheza. Tukaenda kumpa pole yule Mhindi kwamba ameuziwa sahani mbovu.

Nilicheka siku hiyo, lakini pia niliogopa kidogo, na hofu ile imenirudia leo. Nilikuwa nadhani mtu akisikia wimbo, wimbo unakuja kwake naye anaupokea, kama mgeni anayepokelewa mlangoni. Si hivyo. Kichwa kinatoka nje kwenda kumlaki. Kimekwisha kufika mbele kinangoja, na mwimbaji asipotokea pale alipotegemewa, moyo unapiga, mwili unajikwaa, nywele zinasimama. Mpaka leo nikiusikia wimbo wa aina ile, mahali fulani bega langu linaruka lenyewe.

Babu yako aliishi kwa kulijua jambo hilo. Wapiga enanga wengine walikuwa na vidole vyepesi zaidi, hata yeye alikuwa akisema. Lakini yeye alijua watu wamesimama wapi wakimngoja. Alikuwa akiuliza, "Umebeba nini?" anaacha uzi ulie hadi unyamaze, watu wamevuta pumzi, rubisi iko mkononi hainyweki, na hafiki. Hafiki! Halafu anaachia, na wazee wazima wanapiga kelele kama watoto. Na mara nyingine alikuwa akiwatilia neno jingine. Kwenye harusi yetu kule Muleba kwa wazazi wangu, watu wote walijaza vifua kuitika asali, yeye akawahi kuimba, "Mkamwana!" Nilitaka kuingia chini ya mkeka. Mama yangu alicheka hadi akashikwa na kikohozi.

Basi leo mchana nikamletea chakula. Nimeketi na bakuli la ebitoke vya kuponda mapajani, namtazama, ananitazama, na hiyo santuri inazunguka kichwani mwangu. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niingie nyumba hii. Unajua mkamwana hamwimbii mkwewe wakiwa wawili peke yao. Bibi yako angefufuka anichape. Na sauti yangu unaijua, mlango wa jikoni una nafuu. Nikatazama kwanza dirishani kama Ma Kokushubira hayuko, nikaimba, "Ewe mpita njia, umebeba nini?" Nikangoja.

Akanitazama mimi. Akatazama bakuli. Akaimba, "Chumvi."

Nilidhani amekosea. Nikamwonea huruma, nikaimba tena, polepole, kama unavyomfundisha mtoto. "Umebeba nini?" Akaimba, "Chumvi," na ule upande mzima wa mdomo wake ukapanda juu. Nikaujua ule mdomo. Ni ule ule wa harusini Muleba. Mama wee, mwanangu, nilisikia baridi kutoka kisogoni hadi kwenye visigino.

Tangu aanguke pale migombani nimekuwa nikimpondea ebitoke bila chumvi. Si kwa ubaya wala kwa ubahili. Nilijiambia mtu asiyejua anakula nini, chumvi ya nini. Vyetu nilikuwa navitia, vyake navitenga kwanza. Mchana na jioni, tangu senene hadi sasa tunachuma kahawa, mzee huyo amemeza ebitoke chapwa, anajua kwamba ni chapwa, anajua kwamba chungu cha pembeni kina chumvi, na hakuna mtu aliyemwuliza swali katika lugha aliyobakiwa nayo. Nilikimbia jikoni nalia na kucheka, nikatia chumvi, nikarudi. Alikula bakuli lote. Mazoea yanajua asali peke yake. Mazoea hayana utani, na hayana habari ya kilichomo bakulini.

Sasa utaelewa kwa nini wino umemwagika. Nilipomaliza kumlisha nilikaa, na yote tuliyoyasema juu ya kichwa chake yakaanza kurudi moja moja. Baba yako mdogo alisimama pale akabishana na baba yako kaburi liwe upande gani wa kibanja: azikwe chini ya migomba ile au ile. Ma Kokushubira alikuja akahadithia jinsi marehemu mumewe alivyonuka kabla ya kukata roho, anamwonyesha huyu kwa kidole. Na mimi. Siku moja nilipokuwa nimefua shuka zake mara mbili na mvua ikazilowesha tena, nilisimama kando ya kitanda hiki nikasema kwa sauti, "Mungu naye si angemchukua tu tukapumzika." Nilisema hivyo, Kemilembe. Alikuwa akiniangalia usoni. Nilimgeuza nikaendelea na kazi yangu.

Ninaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimemwomba radhi mchana huu, nimepiga magoti, na hana neno la kunijibu kwa sababu sijui wimbo ambao ndani yake mna swali la radhi. Alinishika kidole, kile chenye jeraha. Hicho ndicho nilichopata, na ni kingi.

Wewe unakwenda kuwa mtu wa kusimama kando ya vitanda. Watakufundisha mengi ambayo mimi siwezi hata kuyataja. Waulize, tafadhali, kichwa kimegawanywaje hata neno lipite mlango mmoja likatae mwingine, uniandikie, maana nataka kujua na sitapata usingizi mzuri mpaka nijue. Lakini utakapomkuta mtu amenyamaza, na kila mtu chumbani anaongea kama yeye ni kiti, nikumbuke mimi na bakuli langu. Sina zaidi ya hapo la kukuambia kuhusu kazi yako.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapa, nikuombe tu uende, niseme nitajitahidi. Maana nilijua hoja yako: wewe ndiye uliyemwamsha, ukiondoka nani atampigia? Ni kweli sijui kupiga enanga na baba yako vidole vyake ni vya jembe. Lakini jua lilipoanza kuinamia migomba nikasema nijaribu mara ya mwisho, niupeleke wimbo mpaka mwisho wake.

Unaujua mwisho wenyewe. Yule mtu amekwisha kuvuka ziwa na kurudi, anafika kwao usiku wa mvua, anabisha, na mama yake anauliza kutoka ndani, "Nani yuko mlangoni?" Jibu ni, "Ni mimi, nimerudi." Na unajua, kwa sababu nimekuhadithia, kwamba babu yako alikuwa haimbi jibu hilo mbele ya mtu anayesafiri. Akiwa na mgeni wa kuondoka alikuwa akiimba hadi kwenye swali, analaza enanga chini, anafunga mdomo. Jibu anakwenda nalo msafiri. Baba yako alipochukuliwa kwenda vitani Bama kupigana na Wajapani alifanyiwa hivyo. Aliniambia kule msituni, wenzake wanaanguka, swali lile lilikuwa halimpi nafasi. Lilikuwa limesimama kichwani mwake na mguu mmoja juu, linataka kushuka. Aliporudi tulikuwa tunakula. Tukasikia mtu nje kwenye mvua, haingii. Mzee akaacha chakula, akaimba swali. Na kule nje sauti ikaitika, mbovu, imekauka, na sikuwa nimewahi kusikia kitu kizuri hivyo. Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata.

Basi nikaimba. "Umebeba nini?" Akajibu, "Chumvi," upesi, kwa majivuno. Nikaenda mbele. "Nani yuko mlangoni?" Nikangoja.

Kimya.

Nikasema amechoka. Nikarudi nyuma: "Umebeba nini?" Chumvi, papo hapo. Nikasonga: "Nani yuko mlangoni?" Akafunga mdomo. Aliufunga mwenyewe, hata ule upande uliopooza aliuvuta kwa kidole cha mkono wa kushoto ukakutana na mwenzake. Halafu akayageuza macho. Nikayafuata. Alikuwa anatazama sanduku lako la bati, lile lililofungwa kamba, pale mlangoni.

Jana ulipobamiza mlango ukisema huendi, alisikia. Anasikia yote. Hilo ndilo jibu lake, na nimemwita baba yako aache kahawa aje aone, nikaimba tena mbele yake, na mzee akafunga mdomo tena. Baba yako ameichukua enanga, ameifuta vumbi, ameilaza chini kando ya kitanda, nyuzi zikiwa zimekazwa.

Kwa hiyo usibaki kwa ajili yake. Ukibaki utamlazimisha ameze neno ambalo amelitunza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Chumvi nitatia mimi. Nyimbo nitaimba mimi, Ma Kokushubira achungulie akipenda. Na ukirudi usifungue mlango kama mtu wa nyumbani, hata mvua ikinyesha. Simama nje kwanza. Mimi nitauliza, kama yeye hatakuwapo nitauliza kwa niaba yake, sauti yangu utaijua.

Nakusikia sasa hivi unakohoa njiani, unakuja na shangazi yako. Ninaiweka barua hii juu ya sanduku.

Nani yuko mlangoni?